Koili ya Tatu

Mume wangu aliitwa Sikio. Si mimi niliyempa jina hilo; mimi nina majina yangu ya kumwita, ila ni ya ndani ya nyumba. Walimbandika mafundi wa gereji ya Kipara, kule nyuma ya soko, kwa sababu hawakufungua injini ya mtu kabla yeye hajaisikiliza. Hakuwa fundi. Alikuwa dereva tu. Lakini akipita pale Kipara humwita, humpa bisibisi ndefu, naye huegemeza ncha kwenye injini na mpini kwenye mfupa wa sikio, kisha hufumba macho. Gereji nzima hunyamaza. Akifumbua macho anataja kitu, wanafungua, wanakikuta. Ikafika mahali wenye magari wanaulizia kabisa kama Sikio amepita leo, na kama hajapita, wanakaa kwenye benchi wamngoje.

Jina lile alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake, ingawa alijifanya linamkera.

Kuhusu koili alikuwa na msimamo wake. Koili, kwa asiyejua, ni kile kidude kinachokaa juu ya plagi na kuipa moto ili petroli iwake. Gari letu lina nne, kila silinda na yake. Kuna watu wanaozibadilisha zote kwa mkupuo gari likishatembea kilomita fulani, ziwe nzima, zisiwe nzima. Hao Sikio aliwaita watu wa kalenda, na hakuwa anawasifu.

"Koili haibadilishwi kwa woga," alikuwa akisema. "Unangoja iseme yenyewe kwamba imechoka. Ukitoa zote kwa sababu moja imekufa, unazika wafiwa pamoja na marehemu."

Kipara alimbishia kwamba koili zilizoingia pamoja huzeeka pamoja, na moja ikienda nyingine ziko njiani. Ubishi huo ulidumu miaka, na kila mmoja aliondoka akiamini kwamba ameshinda.

Mwaka ninaousimulia, binti yetu alirudi nyumbani na mimba. Mumewe kazi yake ni ya safari, anaweza kukaa mwezi mzima bila kuonekana, na hatukutaka akae peke yake. Hospitali iko juu ya kilima. Kilima chenyewe si kirefu sana, ila kimesimama, na barabara inapanda bila kupumzika hadi juu. Mimba yake ya kwanza iliishia pale. Baba yake alikuwa safarini siku ile, tukakodi gari, gari likazimika katikati ya mlima, tukasubiri lingine tukiwa tumekaa kwenye mawe kando ya barabara. Tulipofika hospitali, mtoto alikuwa ameshachoka. Sitaki kuieleza zaidi siku hiyo. Baba yake aliporudi hakulia mbele yetu. Alisema jambo moja tu, kwamba safari nyingine binti yake atampeleka mwenyewe, kwa gari lake. Tangu hapo gari lile hakulifanyia kazi ya mtu mwingine. Lilikuwa la hospitali tu na la sokoni.

Kwa hiyo gari lile lilipoanza kutikisika, moyo wangu ulitikisika nalo.

Tulikuwa tunatoka kliniki. Tumesimama kwenye makutano, injini inazunguka taratibu, nikasikia inakatakata. Mafundi wanasema gari linamisi. Inaenda, inakosa, inaenda, inakosa. Mimi ni fundi cherehani; sindano ikigusa chuma nasikia hata kama nasimulia umbea. Nikamtazama mume wangu. Yeye anatazama mbele, uso mkavu.

"Gari linamisi," nikamwambia.

"Petroli ya siku hizi," akajibu. "Wanachanganya."

Nikaacha. Juma lililofuata tukapanda kilima kwenda kliniki tena, na katikati, karibu sana na yale mawe, gari likapoteza nguvu. Likatetemeka mpaka kioo cha ndani kikacheza, na humo kiooni nikaona macho ya binti yangu. Alikuwa ameshika kiti cha baba yake kwa mikono miwili. Gari likajikokota, likafika juu. Mume wangu akasema petroli.

Tuliporudi nyumbani nilisubiri binti aingie kulala, nikamfuata mume wangu sebuleni. Ulimi wangu si wa kubembeleza, na siku hiyo sikuubembeleza. Nilimwambia gari lina koili mbovu hata mtoto mchanga anajua, na kama anangoja iseme, basi imeshapiga kelele mpaka imekauka koo. Nilimwambia sitakaa tena juu ya yale mawe.

Alinitazama mdomoni mpaka nikamaliza. Kisha akasema taratibu, "Gari liko sawa, mama watoto. Mimi nalisikia." Akanyoosha mkono akaongeza sauti ya redio.

Nilitaka kuirusha ile redio dirishani.

Kesho yake nikafunga chumba changu cha kushonea nikaenda kwa Kipara bila kuaga. Nilimkuta ameinama ndani ya boneti ya watu, kile kichwa chake kinang'aa grisi. Aliponiona akajifuta mikono kwa tambara chafu kuliko mikono yenyewe, akanisogezea tairi nikae.

"Shemeji, karibu. Mzee amepotea kwetu."

"Nimekuja nikuulize wewe. Gari linamisi, yeye anasema ni petroli. Wewe hujamwambia?"

"Nimwambie lini? Sikio haji hapa siku hizi."

Nikashangaa. Kila asubuhi alikuwa akitoka nyumbani akisema anakwenda gereji.

Kipara akakaa juu ya kreti, akaanza kuvuta maneno. Alisema mara ya mwisho mume wangu alipokuja walikuwa na gari la mteja lililowasumbua, wakampa bisibisi kama kawaida. Alisikiliza muda mrefu, mrefu kuliko walivyozoea. Akasema ni plagi. Walipofungua, plagi zilikuwa safi kabisa.

"Hakuna aliyecheka," Kipara akasema. "Nakuapia, shemeji. Kila mtu hukosea. Yeye akamaliza chai yake, akanyanyuka. Nikamwita kwa nyuma, hakugeuka. Nikamwita tena. Nikajua amekasirika, nikamwacha."

Nilikaa juu ya lile tairi, na mambo yakaanza kuja yenyewe moja baada ya jingine. Birika lililochemka mpaka likakauka naye amekaa jikoni anasoma gazeti. Bomba la uani aliloliacha wazi usiku kucha. Redio ambayo jirani alikuja kuilalamikia. Na namna anavyonitazama mdomoni. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikigomba naye hanijibu, na mimi nilishaanza kujisifu kwa majirani kwamba mume wangu uzeeni amekuwa mpole.

"Kipara," nikasema, "hakukasirika. Hakukusikia."

Tambara likasimama mikononi mwake. Nadhani alishahisi, ila hakutaka kuwa wa kwanza kusema.

Kisha akanipa shauri, na alilitoa kwa nia njema. Nilete gari mchana mume wangu akiwa amelala. Yeye ana mashine ya kusoma hitilafu, itamwonyesha silinda yenye shida papo hapo, abadilishe koili, nirudishe gari. "Hatajua," akasema. "Tutamhifadhia heshima yake."

Neno hilo, hatajua, ndilo lililonichoma. Ni kweli asingejua. Gari lingezunguka laini kama hariri, na yeye angekaa ndani yake asijue kwamba limepona. Ningemwangalia kila siku akiendesha nami najua. Nikamshukuru Kipara, nikamwambia hapana. Njiani nililia, na mimi si mtu wa kulia barabarani.

Asubuhi iliyofuata, Sikio alipoingia kuoga, nikafungua boneti mwenyewe. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu kukiona hicho kitu kilichotaka kuniua. Nikang'oa ile kava ya plastiki kama nilivyomwona yeye akifanya. Koili nne zilikuwa zimepangana mstari mmoja, nyeusi, zimeganda vumbi na mafuta. Au niseme tatu ndizo zilizokuwa hivyo. Ya pili ilikuwa mpya. Inang'aa, plastiki yake haina hata mkwaruzo.

Nilisimama pale mkono umeshika boneti, na nikaelewa jambo baya zaidi kuliko nililolielewa kwa Kipara. Alijua. Alijua tangu mwanzo kwamba gari linamisi, maana makalio yake hayakuwa yamekufa, mtikisiko aliuhisi kama sisi. Akaenda akanunua koili mbali na gereji ya rafiki zake, akaja kuifunga kimyakimya. Ila hakujua ipi ndiyo mbovu. Akabahatisha. Akatoa iliyo nzima, akaiacha iliyokufa.

"Funga hiyo," akasema nyuma yangu.

Alikuwa na taulo shingoni, maji yanamtiririka. Nikageuka ili aone mdomo wangu.

"Tangu lini husikii?"

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, akajifuta uso, akabaki ameushikilia ndani ya taulo kwa muda.

"Lilianza la kushoto," akasema. "Nikasema lipo la kulia."

"Na hii koili?"

"Nilisikiliza. Nilizichomoa moja moja kama siku zote. Sauti ilikuwa ileile. Zote nne, ileile. Nikasema labda mkono utanisaidia, nikaweka mkono juu ya injini, lakini raba zinazoishikilia zimelegea, inatetemeka hata ikiwa nzima. Nikachagua moja." Akainua macho. "Nilijua nimekosea siku ile kilimani. Niliona kioo kinacheza. Nilimwona mtoto."

"Kwa nini hukwenda kwa Kipara? Ana mashine."

"Niende niseme nini? Niwaambie Sikio amekuja kuomba mashine?"

Hasira ilinipanda, nikaimeza, ikapanda tena. Nilitaka kumuuliza kama jina la gereji lina uzito kuliko tumbo la binti yake. Lakini nilimwona alivyokaa, mabega yameshuka, maji yanadondoka kwenye ngazi, na nikajua swali hilo ameshajiuliza mara nyingi kuliko mimi. Nikamrushia funguo.

"Washa gari."

"Ya nini?"

"Washa. Wewe chomoa, mimi nisikilize."

Akawasha, akarudi akasimama upande wa pili wa boneti. Ile kazi nilishamwona akiifanya mara nyingi, sijawahi kuuliza maana yake. Akanieleza kwa kifupi. Unachomoa waya wa koili moja injini ikiwa inazunguka. Kama koili ni nzima, injini inashtuka, sauti inashuka, gari linataka kuzima. Unarudisha, unakwenda kwa inayofuata. Ukichomoa ambayo sauti haibadiliki, hiyo ndiyo iliyokufa.

Akachomoa ya kwanza. Injini ikayumba kama mtu aliyekosa ngazi. Nikamtikisia kichwa, akarudisha waya. Ya pili, ile mpya, ikayumba vilevile. Muda wote hakutazama injini. Alinitazama mimi usoni, kama mgonjwa anavyomtazama daktari anayesoma majibu yake.

Kisha nikangoja. Injini ikaendelea na ule mkatokato wake. Nikangoja tena.

"Chomoa basi," nikasema.

Akainua mkono. Waya wa koili ya tatu ulikuwa mikononi mwake.

"Nimeshachomoa," akasema.

Tukatazamana juu ya ile injini. Akachomoa na ya nne, kwa sababu yeye hafanyi kazi nusu, na ya nne ikayumba. Akazima gari. Akafungua skrubu ya koili ya tatu, akaivuta, akakaa nayo tena kwenye ngazi. Uani kukawa kimya, au kwangu kulikuwa kimya. Kwake sijui kulikuwaje.

"Ilikuwa imekaa tu humo," akasema akiigeuzageuza. "Imefungwa vizuri, ina waya, ina skrubu. Ukiitoa, hakuna kinachobadilika."

"Ndiyo."

"Na mimi nikitolewa hapa?"

Aliuliza bila kuniangalia, na asiponiangalia hawezi kunisikia, kwa hiyo nilijua hataki jibu. Nikaenda nikamshika kidevu nikamgeuza.

"Ukitolewa wewe," nikamwambia polepole ili asome kila neno, "mimi nitazima. Hapohapo. Wala wasihangaike kuniwasha."

Akanitazama sana. Kisha machozi yakamtoka, na yangu yakatoka, tukakaa pale watu wazima wawili na kidude cha plastiki katikati yetu mpaka binti yetu akaita kutoka ndani, anauliza kama kuna chai. Nikamjibu mimi.

"Tununue moja, tuweke hapo kwenye tatu," nikasema baadaye. "Basi, yaishe."

Akatikisa kichwa. "Tutabadilisha zote za zamani. Hiyo mpya ibaki."

"Lakini nyingine ni nzima. Nimezisikia mwenyewe. Si wewe unayesema ziachwe mpaka ziseme?"

"Zikisema, atasikia nani? Wewe uko kwenye cherehani yako. Na zikiamua kusema kilimani, mtoto yuko nyuma?" Akaiweka ile koili mfu chini, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. "Kungoja ni kwa mtu anayesikia. Mimi sasa ni mtu wa kalenda."

Ningeweza kumtania. Kwa miaka yote ile nilikuwa nikingoja akubali kushindwa ubishi wowote, hata huo wa koili. Sikupata hamu.

Gereji alikwenda kwa miguu yake, na alitaka niende naye. Mafundi walipomwona wakaanza kumpigia kelele za furaha kwa jina lake. Alisubiri, akawatazama midomo mmoja mmoja. Akamwambia Kipara kwa sauti, sauti kubwa kuliko alivyokusudia, maana siku hizi haijui sauti yake, "Sisikii. Masikio yote mawili yameondoka. Ukisema na mimi, simama mbele yangu."

Kompresa ya upepo ilikuwa ikiendelea kunguruma pembeni, na fundi mmoja akaenda akaizima, kwa adabu tu, ingawa kwa Sikio haikuwa na faida. Kipara akaja akasimama mbele yake, karibu kabisa, akiwa ameshika lile tambara lake.

"Unataka nini, mzee wangu?"

"Koili tatu. Na raba za injini."

Kipara alikuwa na kila haki ya kusema nilikwambia. Hakusema. Akaenda ndani akaleta vitu, akafunga kwa mkono wake mwenyewe, na kila alichofunga alimwonyesha Sikio kwanza, naye akakikubali kwa kichwa. Walipomaliza, Kipara akachukua ile bisibisi ndefu ukutani. Nilidhani ameingiwa na kichaa. Akampa. Sikio akaishika, akaipima uzito, akanigeukia akaniwekea mkononi.

Nikaegemeza ncha kwenye injini na mpini kwenye mfupa wa sikio, kama nilivyomwona. Nikasikia mambo mengi kuliko nilivyotarajia. Nikafumba macho, kwa sababu ukifanya vile lazima ufumbe, na mafundi wote wakanyamaza.

Uchungu ulimshika binti yetu asubuhi moja, nikiwa naandaa uzi wa rangi ya gauni la mtu. Hatukukimbia. Sikio alimshika mkono mpaka kwenye gari, akamfungia mlango, akazunguka akakaa kwenye usukani. Mimi nilikaa mbele kushoto kwake, kwa sababu kazi yangu sasa ilikuwa hapo. Tulikuwa tumeshapatana: nikimgusa goti, kuna honi nyuma, nikimgusa bega, anaitwa.

Tukaanza kupanda. Yale mawe yakatokea upande wangu, yako vilevile, meupe, hayana habari. Nilishikilia mlango mpaka vidole vikafa ganzi. Nyuma binti yetu alikuwa akivuta pumzi kwa meno. Kisha akaita.

"Baba."

Akaita tena, kwa sauti ya mtoto kabisa. Nikamgusa baba yake bega. Akainua macho kwenye kioo cha ndani, akamtazama mdomo.

"Tutapita, Baba?"

"Tunapita," akamjibu.

Macho yake yaliporudi barabarani, jambo moja lilimpita. Nilimwona binti yangu akiutazama mkono wangu juu ya bega la baba yake, kisha akamtazama baba yake, kisha mimi. Hatukuwa tumemwambia, lakini alielewa kwamba baba yake hasikii. Akanyoosha mkono wake naye, akauweka kwenye bega lile jingine, akauacha hapo uchungu ulipokuja na ulipokwenda.

Katikati kabisa ya mlima, pale gari lilipozimikia zamani, Sikio akateremsha gia moja na kukanyaga mafuta. Kioo cha ndani kilitulia. Akanitupia jicho.

"Linasemaje?"

Nikasikiliza kwa nguvu zangu zote. Nilisikiliza chini ya kiti, mbele, kwenye miguu yangu. Nilitafuta ule mkatokato nisiuone.

"Halisemi kitu," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akarudisha macho barabarani.

"Basi leo tunasikia sawa," akasema, na juu yetu geti la hospitali likaanza kuonekana.